Jozi ya Arobaini

"Debe tupu halivumi," alisema Adolphine, akiitikisa njuga isiyotiwa kokoto. Haikutoa sauti. "Chenye kulia ni chenye kubeba kitu. Andika hivyo, mwalimu."

Mwalimu Placide hakuandika. Bureau ya chama hapa Baraka ilikuwa imemtuma akusanye asili ya neno njuga, aisome mbele ya mgeni wa heshima kabla ya wachezaji ngoma kuingia uwanjani.

"Mama Léa, banataka kifupi. Neno ya furaha. Ya babu zetu, ya kushangilia bakubwa."

"Babu gani? Wa kwako?" Alikata kipande cha kopo la sardini, akakikunja, akatia kokoto, akaufunga mdomo kwa nyundo. "Kwetu Lubondja, mutoto akianza kutembea, banamufunga njuga ku muguu. Mama iko analima mihogo, anasikia cheng, cheng, anajua mutoto iko. Ikinyamaza, unatupa jembe, unakimbia. Njuga ni neno ya sikio ya mama. Ilitokea pale."

Placide aliinamisha kichwa. Mtaa mzima ulijua. Mwaka uliopita chama kiliagiza kwa Adolphine njuga jozi arobaini za wachezaji. Asubuhi ya sherehe zilikuwa thelathini na tisa. Adolphine alipiga magoti, akazifungua zile za miguuni mwa mwanawe Léa ili hesabu itimie. Ni saa moja tu, alijiambia. Akaenda uwanjani kupiga makofi na wenzake, kama walivyoamriwa. Léa akaenda mtoni Mutambala. Hakuna aliyemsikia akipita, wala akizama.

"Nikisoma hiyo, batatufunga wote mbili."

"Basi nitasema mwenyewe."

Siku ilipofika, Placide alipoitwa kusoma, Adolphine aliichukua mikrofoni mkononi mwake. Placide hakuing'ang'ania. Adolphine alieleza neno lilikotoka, akamtaja mtoto, akautaja mto. Mstari wa mbele, mchezaji mmoja alichutama akaanza kuvua njuga zake, polepole, kama mtu anayemvua mgonjwa viatu.

Siku tatu Adolphine alilala kwenye kashoti, chumba cha mahabusu. Ya nne, katibu wa chama alimwekea karatasi mezani.

"Citoyenne, umetutia haya. Tia sahihi pale, uombe pardon, urudi kwako. Ukikataa, utapelekwa gerezani Uvira leo hii."

Adolphine aliitazama kalamu. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya bati.

"Pardon naombaka mutoto wangu, kila siku," alisema. "Nyinyi, hapana. Siombi."