Gauni la Maua na Jogoo wa Uani

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kutishwa ovyo, lakini jogoo wa baba mkwe wake alimkosesha raha. Jogoo yule jeuri alikuwa na ugomvi naye peke yake. Watoto walipita, mume alipita, hata paka alipita. Yeye akitia mguu uani na gauni lake la maua, jogoo anashusha bawa, anamjia mbio na kumparua miguu. Juzi alimrukia usoni, ukucha ukamchana chini kidogo ya jicho. Fundi akipofuka atatungaje uzi kwenye sindano? Akamwambia mumewe bila kupepesa:

"Kesho jogoo achinjwe. Asipochinjwa, narudi kwetu."

Kesho yake, akirudi kutoka dukani, alisikia vurugu uani. Akachungulia dirisha la jikoni, akapigwa na butwaa.

Baba mkwe, mzee wa kukohoa kwanza kabla ya kuingia popote asije akamkuta mkwewe vibaya, alikuwa amevaa gauni lake. Lile lile la maua, limembana mabegani, na ufagio mkononi. Alikuwa akimchokoza jogoo. Jogoo akaruka, mzee akajikwaa kwenye ndoo, akaanguka chali.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, maana kumwona mkwe katika hali ile ni aibu isiyosemeka. Hata hivyo alitoka. Jogoo alimtazama mara moja, sketi yake ya kutokea haikumhusu, akaenda zake kudonoa.

"Baba," alisema, macho ukutani. "Ni nini hiki?"

"Namtia adabu, mwanangu. Nikimshinda nikiwa na gauni hili, ataliogopa. Hutakuwa na sababu ya kuondoka."

"Umeanza lini?"

"Tangu alipokuparua mara ya kwanza."

"Na umeshamshinda?"

Mzee alivuta pindo kufunika miguu, lakini alichelewa. Miundi yote ilikuwa vidonda, vibichi juu ya vikavu.

"Bado."

Fundi akaelewa. Siku zote hizi mzee amekuwa akipigwa ndani ya gauni lake.

"Baba, hukumfundisha kuniogopa. Umemfundisha kwamba napigika."

Mzee akajaribu kuvua gauni, vifungo vya mgongoni vikamshinda. Fundi akasimama nyuma yake, akaanza kumfungulia.