Vichupa Vilivyobanduliwa Majina

Themosi yetu iliingia kwenye mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege na haikutoka upande wa pili. Mkanda ulisimama. Askari anayetazama picha akamwita mwenzake, wakainamisha vichwa pamoja.

Ndani ya themosi ile, katikati ya barafu, vilikuwamo vichupa vya dawa ya mjukuu wangu Rubab ya majira yote ya baridi. Ana kisukari tangu utotoni, kile cha kuchoma sindano. Kwetu Shigar, bondeni huko milimani kupita Skardu, theluji ikishafunga njia na mawingu yakazuia ndege, duka la dawa hubaki rafu tupu. Ndiyo maana tulishuka Islamabad kwa binti yangu Marzia, tukanunua, na sasa tulikuwa tunarudi. Bila vile vichupa mtoto hafiki Februari. Sikuzi mambo, mtoto wa jirani yetu alikwenda hivyo hivyo.

Lakini kosa lilikuwa limeshafanyika jana yake. Marzia aliviloweka vichupa katika maji ya vuguvugu, akabandua karatasi zote, jina la dawa na jina la mtoto, na maboksi akayatupa.

"Mama, ndege ya Skardu hujaa watu wa kwetu watupu," aliniambia. "Mtu akiona tu, kabla hamjatua habari imefika. Nani atamposa msichana wa sindano?"

Kwetu ugonjwa wa binti hufichwa kama ufa wa mtungi unaouzwa. Nikamwacha aendelee, maana Kaniz, mke wa mwenye kinu cha ngano, alikuwa ameanza kumuulizia Rubab kwa ajili ya mwanawe.

Na huyo Kaniz alikuwa nyuma yetu kwenye foleni.

Wanawake hukaguliwa ndani ya kibanda cha pazia. Tukaingizwa mimi na Rubab, na kwa sababu ndege ilikuwa karibu kuondoka, Kaniz naye akavutwa humo humo. Askari alikuwa mwanamke wa huko tambarare, macho ameyatia wanja, uso haucheki. Akamimina barafu ya themosi yetu kwenye beseni, vichupa na sindano vikatoka.

"Hivi ni nini, mama?"

"Dawa."

"Dawa ya nini? Ya nani? Mbona havina jina?"

Nikajishika goti. "Yangu mimi. Ya magoti."

"Magoti! Na sindano zote hizi?" Akanitazama juu mpaka chini. "Mama, usinichezee. Maji yasiyo na jina hayapandi ndege. Yaende na mizigo chini, au yaingie humu." Akaonyesha pipa lililojaa chupa za watu, maji, mafuta, manukato.

"Chini yataganda!" Rubab akasema. "Yakiganda yamekufa."

"Nyamaza, mwanangu."

Kaniz akacheka. "Dada, magoti yameanza lini? Si juzi tu ulinipita kilimani na mzigo wa kuni kama mbuzi?"

Askari akavikusanya vichupa vyote kiganjani, akanyoosha mkono juu ya pipa. Nje kipaza sauti kikawaita abiria wa Skardu kwa mara ya mwisho. Mimi nimeuona mlima ukiporomokea shamba letu, lakini sikuogopa siku ile kama nilivyoviogopa vile vidole vilipoanza kufunguka.

"Ni vya huyu!" nikapiga ukelele. "Mtoto ana kisukari! Mkivitupa mmemuua! Magoti yangu mazima, nimesema uongo!"

Mkono haukuondoka juu ya pipa.

"Nitajuaje? Umeshanidanganya mara moja."

Rubab ndiye aliyejibu. Akapandisha kanzu yake mpaka mbavuni. Tumbo lilikuwa limejaa vidonda vidogo vya sindano, vipya na vya zamani, kama mtama uliomwagika. Askari akainama akatazama, kisha akatoka na vichupa vyetu kwenda kwa mkubwa wake.

Tukabaki watatu.

"Na mlitaka tujue lini?" Kaniz akauliza, hacheki tena. "Baada ya harusi?"

Akajifunga shali yake, akatoka.

Nilihesabu kila kiatu kilichopita chini ya pazia. Kila kimoja nilidhani kinaleta kifo cha mtoto. Mwishowe pazia likafunguka.

"Mkubwa amekubali. Shikeni, mkimbie. Na karatasi za dawa, mama, msizibandue tena!"

Tulikimbia, vichupa nimevikumbatia kifuani ndani ya kitambaa kibichi.

Ndegeni Kaniz alikuwa ameomba kubadilishiwa kiti, amekaa mbele kabisa. Niliona vichwa vinaegemeana, kimoja kwa kingine, kisha vinageuka kututazama. Chakula kilipoletwa, Rubab akatoa sindano.

"Ngoja kwanza," nikamnong'oneza. "Watu wanaona."

"Si wameshajua, Bibi? Hebu nishikie sahani."

Nikaishika. Wali ukanimwagikia mapajani, na yeye akafunua tumbo, akajichoma mbele yao wote.