Barafu na Mkanda wa Presha

Wenzake walimwita Barafu, na jina lilimkaa. Mwaka wa kumi na tisa sasa anaendesha winchi, ile mashine ndefu ya kunyanyulia vyuma kwenye majengo, na upepo ukivuma huko juu yeye hupiga miayo. Lakini Barafu huyo huyo akiona tu mkanda wa kupimia presha, moyo humwenda mbio kama wa mwizi.

"Tulia, vuta pumzi, haiumi," nesi wa kampuni alimwambia siku ya kwanza. Mashine ikalia: presha juu. Siku ya pili maneno yaleyale, mlio uleule. Kanuni haikuwa na masihara: vipimo vitatu vibaya, unashushwa kulinda stoo. Barafu aliiogopa stoo kuliko kaburi.

Nyumbani mkewe alicheka hadi akakaa chini. Mwanamke huyo akiona panya huamsha mtaa mzima, ila presha yake haijawahi kutikisika. "Ama kweli mume wangu, mioyo haikuumbwa siku moja," alisema.

Siku ya tatu Barafu alikataa kunyoosha mkono. "Baba yangu aliingia chumba kama hiki kupimwa, hakurudi nyumbani," alisema. "Kinachonitisha ni kiti hiki, dada, sio kazi. Twende ukanipime kule juu ya winchi."

Nesi alikuwa mtu wa haki, na haki wakati mwingine humponza mtu. Alivaa mikanda ya usalama, akapanda ngazi, Barafu nyuma yake akimhesabia vidato. Kwenye kibanda cha dereva huko juu walipumzika nusu saa, maana ngazi humpandisha kila mtu mapigo. Akampima. Safi. Akarudia. Safi tena. Akaandika kwenye fomu: "Amepimwa mahali pa kazi, anafaa." Akasaini, ila saini ilitambaa hadi ukingoni mwa karatasi.

Barafu aliitazama saini ile, akamtazama na nesi mwenyewe. Akamfunga nesi mkanda wa presha mkononi. Mashine ikapiga kelele ambayo hata Barafu hakuwahi kuipigisha.

"Kaka," nesi alinong'ona, amefumba macho na kukumbatia kiti, "nashukaje mimi?"

"Tulia, vuta pumzi, haiumi."

"Maneno hayo hayasaidii kitu!"

"Na mimi siku zote hizi nilitaka kukwambia hivyohivyo, dada," alisema Barafu, akampa mkono.