Makofi Kutoka Stoo

Kabla ya kengele ya kwanza, Darasa la Tano lilikuwa limeshapiga mvua mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtoto aliyefagia bila kusukumwa, ya pili ya yule aliyempisha mwenzake mgonjwa akae kwenye dawati. Hivyo ndivyo mwalimu wao alivyowazoesha. Mtu akifanya jema, darasa zima linampigia makofi kwa kidole kimoja juu ya kiganja, manyunyu tu, kisha vidole viwili, kisha vitatu, mpaka mkono mzima na bati la paa linatetemeka. Halafu anayeongoza anafunga ngumi na sauti zote zinakatika kwa pamoja. Anayepiga kofi la ziada anajulikana, na hakuna anayetaka kujulikana kwa hilo. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati, nusu yao wamekaa sakafuni, lakini ngumi ikifungwa ungeweza kumsikia kuku akiparua nje.

Anayeongoza alikuwa msichana waliyemwita Kipaza, kwa sababu sauti yake ilifika ofisini kabla yake. Miezi michache nyuma alikuwa anapigana, anajibu walimu, anatolewa nje kila wiki. Bibi yake, aliyekuwa anamlea, alishaitwa shuleni mara mbili, na kwa kanuni za shule ile mzazi akiitwa mara ya tatu mtoto hana shule tena. Walimu wengine walimchapa wakachoka wao. Huyu mwalimu wa Darasa la Tano alimpa kazi ya kuanzisha mvua, na kazi ikamkamata.

Kulikuwa na sheria nyingine moja darasani, na Kipaza aliipenda kuliko zote: mwenye kosa akijitaja mwenyewe, hapigwi. Aliijaribu siku alipovunja rula kubwa ya ubaoni. Alisimama, akasema ni yeye, akasubiri kipigo, hakikuja. Tangu siku hiyo akawa anakiri mpaka mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Ni mimi niliyecheka, mwalimu. Ni mimi niliyefikiria kucheka.

Mkuu wa shule hakuwa na habari na haya yote. Alikuwa mtu wa tumbo na mabango. Kulipotoka agizo kwamba shule ziache fimbo zilee watoto kwa kuwatia moyo, yeye alitii siku hiyohiyo: alichapisha bango. SHULE YETU HAINA FIMBO, TUNALEA KWA UPENDO, limetundikwa getini, herufi kubwa kama za duka la vitanda. Kisha mwalimu wa nidhamu akabadilishwa cheo, akawa Mratibu wa Malezi Chanya. Fimbo yake ilipakwa rangi nyekundu kwenye ncha ikaitwa kielekezi, ikaendelea kuelekeza palepale ilipokuwa ikielekeza zamani.

Asubuhi hiyo walimu waliitwa ofisini wakiwa bado na chaki mikononi.

"Afisa Elimu anafika saa nne," Mkuu alisema. "Anataka kuona darasa la mfano. Shule itakayompendeza itatangazwa, na mimi sitaki kusikia imetangazwa nyingine."

"Darasa langu liko tayari, Mkuu," mwalimu wa Darasa la Tano alisema.

"Lako lipi? Lile la kukaa chini?" Mkuu aliwageukia wengine ili wacheke, wakacheka. "Mwalimu wangu, mgeni unamkaribisha sebuleni, humpeleki uani. Tutachukua watoto wasafi wasafi kutoka kila darasa. Wenye sweta, wenye viatu. Tunawakalisha kile chumba kipya, wawili wawili, basi. Wale vichwa ngumu Mratibu atawaweka stoo mpaka gari liondoke."

"Kipaza nimemwahidi yeye ndiye atakayempokea mgeni."

"Yule? Mdomo ule ukampokee afisa?"

"Amebadilika, Mkuu. Huu mwezi mzima hajatolewa nje."

"Kama amebadilika, atavumilia. Wewe mwenyewe si unavumilia?" Alisema hivyo akitabasamu, kwa sababu mwalimu yule alikuwa wa mkataba wa muda, na jina lake la kuajiriwa moja kwa moja halikuweza kwenda popote bila Mkuu kulipendekeza. "Na hayo makofi yako utayaongoza wewe. Afisa ameyasikia huko, anayataka."

Kwa hiyo makofi yalifaa. Waliokuwa hawafai ni wapigaji.

Mwalimu angeweza kukataa. Alisimama pale na chaki yake, akaitafuta sentensi ya kukataa, akaikuta, akaimeza. Wenzake walikuwa wameshaanza kugombania nani atamkaribisha Afisa chai.

Stoo ilikuwa imejaa madawati yaliyovunjika, mifuko ya saruji iliyoganda ikawa mawe, na wavu wa goli uliotobolewa na panya. Mratibu alikuwa ameshakusanya watu wake kutoka madarasa yote, wengi wao wa Darasa la Tano: watundu, wenye kigugumizi, wenye kaptula zilizochanika makalio, na mmoja ambaye kosa lake lilikuwa kikohozi. Kipaza aliletwa na mwalimu wake mwenyewe. Alikuwa amefua sweta usiku na lilikuwa bado bichi. Kumbe alikuwa nalo sweta, ila kijani chake hakikufanana na kijani cha wengine.

"Mwalimu, mgeni ameshafika?"

"Anakuja. Kaa humu kwanza na wenzako, mtulie."

"Nitampokea saa ngapi?"

"Baadaye."

"Tumefanya nini?"

"Hamjafanya kitu, mwanangu."

Kipaza alitazama madawati mabovu, akatazama wenzake, kisha akamtazama tena mwalimu, akitafuta kosa la kukiri ili mambo yaishe. Hakulipata. Akaingia. Mratibu akafunga kufuli na kukung'uta mikono, kazi imekwisha.

Chumba kipya kilikuwa kimepakana na stoo, na ukuta wa katikati haukufika darini. Matofali ya kuumalizia yalikwenda kumalizia nyumba ya mtu ambaye kila mwalimu alimjua na hakuna aliyemtaja. Kwa hiyo mtu akipiga chafya darasani, stoo inasikia, na stoo ikipiga chafya, vivyo hivyo. Mkuu, aliyepanga kila kitu mpaka rangi ya soksi, alisahau hilo. Ukuta ule aliusahau siku nyingi, na alikuwa na sababu zake.

Afisa aliingia na harufu nzuri na simu mbili. Alikuwa mtu wa kuzungumza na watoto kwa sauti ya kubembeleza vichanga, hata wenye ndevu zinazochomoza.

"Wanangu, hapa mnapigwa?"

"Hapanaaa."

"Mnapendwa?"

"Ndiyooo."

Nyuma ya darasa Mratibu alikuwa amesimama na kielekezi chake, anaangalia nani ameitikia kwa nguvu na nani amefungua mdomo tu. Afisa alikiona, akauliza ni cha nini, akaambiwa ni cha kuonyeshea ramani. Hakukuwa na ramani. Afisa akasema vizuri sana.

"Nimesikia mna makofi ya mvua," aliendelea. "Haya wanangu, ninyesheeni." Akafungua mikono kama anaoga.

Mwalimu wa Darasa la Tano alienda mbele, akainua kidole. Nusu ya wale watoto wasafi hawakuwahi kukaa pamoja kabla ya asubuhi hiyo. Wadogo walianza moja kwa moja na viganja vyote, wakubwa wakaona aibu wakacheka, mmoja akapiga dawati. Mwalimu alifunga ngumi na makofi yakaendelea, ya huku yakiisha ya kule yanaanza, kama abiria wanaoshuka gari kwa kugombana. Mkuu alikuwa ameshaanza kutokwa na jasho.

Kisha, juu ya ukuta, yakaja manyunyu.

Kidole kimoja. Vidole viwili. Hayakuwa na haraka. Yalipanda taratibu, vitatu, vinne, mpaka viganja vizima vikamwagika upande wa pili na bati la chumba kipya likaanza kuimba. Watoto wasafi walinyamaza wakatazama juu. Afisa alibaki mikono wazi. Halafu yote yakakatika mara moja, bila kofi la ziada hata moja.

Mwalimu alijua ni ngumi ya nani iliyofungwa kule. Alijisikia fahari, na fahari ile ilimuuma, kwa sababu mgeni alikuwa ameomba mvua na wale ndio pekee walioelewa ombi.

"Na huko je?" Afisa aliuliza.

"Huko ni stoo, mheshimiwa," Mkuu alisema.

"Stoo inapiga makofi?"

"Ni... kuna kikundi cha mazoezi."

Afisa alimgeukia mwalimu. "Ni wanafunzi wako hao? Wamefanya vizuri kuliko hawa."

Hapo palikuwa na nafasi. Mtu mzima anatoka ofisini kwake, anasafiri, anamuuliza mwalimu swali la moja kwa moja, na jibu lake ni neno moja. Mwalimu alifungua mdomo. Mkuu akajibu, "Ni wake, mheshimiwa, ni wa ziada tu," na mwalimu akaufunga.

Walipotoka walipita mbele ya stoo. Afisa aliliona kufuli. Haikuwezekana asilione, lilikuwa kubwa kuliko ngumi ya mtoto. Alilitazama, akatazama simu yake moja, akatazama ya pili, kisha akauliza kama chai inanywewa ofisini au chini ya kivuli. Maafisa hawasafiri mbali hivyo kuja kutafuta kazi ya kufanya.

Gari lilipoondoka vumbi lilikuwa halijatua wakati Mkuu alipofungua stoo mwenyewe. Aliwapanga watoto ukutani. Shati lake lilikuwa limeloa mgongoni.

"Nani alianzisha?"

Mkono ukapanda hapohapo. Kipaza aliuinua juu kabisa, kama mtu anayejua jibu la hesabu. "Ni mimi, Mkuu."

"Nani alikuambia upige makofi?"

"Mgeni. Alisema tunyeshe."

Watoto wawili watatu waliguna kicheko. Mkuu akamnyooshea mkono Mratibu, akapewa kielekezi.

"Mwalimu alisema mtu akijitaja mwenyewe hapigwi," Kipaza alisema. Hakusema kwa ujeuri. Alikuwa anamkumbusha tu, kama unavyomkumbusha mtu aliyeacha mwavuli wake.

Mkuu alimgeukia mwalimu. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Basi mwambie ulikosea."

"Mkuu, mtoto huyu ametii. Ameambiwa apige, amepiga. Ametulia. Ameulizwa, amesema kweli. Unamchapa kwa lipi?"

"Kwa kuniaibisha." Alisema bila kuficha, na huo ndio ulikuwa ukweli pekee uliotoka kinywani mwake siku ile. "Chagua, mwalimu. Ama umchape wewe hapa wenzake waone, ama namwita bibi yake kesho. Hii itakuwa mara ya tatu. Sheria si yangu."

Kielekezi kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, na mahali pa kushikia palikuwa pamelainika kwa kushikwa. Mwalimu alisimama mbele ya Kipaza. Alitaka kumwambia kwamba anafanya hivi ili abaki shuleni, lakini aliona jinsi neno hilo litakavyosikika kutoka kwa mtu aliyeshika fimbo, akalichukia. Watu wa namna yake wamekuwa wakilisema tangu fimbo ilipozuliwa.

"Nilikosea," alisema. "Toa mkono."

Kipaza hakuelewa. Alitazama uso wa mwalimu kwa muda, akisubiri ule mzaha uishe. Kisha akatoa mkono wa kulia, ule wa kuanzishia. Mwalimu alipiga polepole, na Mkuu akasema hiyo haihesabiki, kwa hiyo akapiga tena, na ile ya pili ilihesabika. Mtoto hakulia. Wenzake ukutani walikuwa wanatazama, si fimbo, bali mwalimu.

Mchana, baada ya mapumziko, mwalimu aliporudi darasani alikuta maji yamemwagika mezani kwake. Ndoo ya maji ya kunawa ilikuwa imesogezwa kutoka kwenye kona mpaka kando ya meza, na rundo la madaftari aliyokuwa ameyasahihisha lilikuwa limelowa chapachapa, wino mwekundu unatiririka.

"Nani amemwaga maji haya?"

Hakuna aliyejibu. Kwa kawaida kabla hajamaliza swali mtu angekuwa ameshasimama. Alitazama safu kwa safu. Wote walitazama ubaoni, ambako hakukuwa na kitu. Akafika kwa Kipaza. Mkono wa sweta la kijani kisichofanana ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko, na kiganja, alichokuwa amekificha chini ya dawati, kilikuwa kinadondosha maji sakafuni. Alikuwa amekwenda kukipoza.

"Kipaza, unajua ni nani?"

Msichana alisimama wima. Alimtazama mwalimu machoni, bila hasira, na kwa sauti ndogo ambayo darasa halikuwahi kuisikia kutoka kwake, akasema, "Sijui, mwalimu."

Akakaa. Darasa zima lilikuwa kimya, wa madawatini na wa sakafuni, migongo imenyooka. Mwalimu alikuwa bado amesimama pale Mkuu alipopita nje, akapunguza mwendo, akaingiza kichwa dirishani. Alitazama safu zote, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Chai ilikuwa imemrudishia uso wake.

"Umeona sasa?" alisema. "Hii ndiyo nidhamu. Hongera sana, mwalimu. Mtu akifanya vizuri lazima tumwambie."

"Asante, Mkuu," mwalimu alisema, akaanza kukamua madaftari.