Seva ya Tatu

Ndani ya siku ishirini na sita Mzee Kombe wa Mishomoroni alifika kuamini kwamba akili inamtoka, na aliyemfanya aamini hivyo ni Kafedha, mtoto wa dada yake, aliyesomeshwa na ukoo mzima mpaka akaijua kompyuta. Angeambiwa na jirani, angemtukana jirani akamaliza. Lakini kuambiwa na Kafedha ni kuambiwa na mjuzi, na mjuzi hakanushwi.

Kafedha alifanya kazi Changamwe, ghorofa ya pili, katika ofisi inayoendesha mfumo wa zamu za malori. Yadi moja kubwa ya makontena ilikuwa imechoshwa na foleni barabarani, ikaamua kwamba lori halivuki geti bila nambari ya zamu, na nambari inaombwa kwa simu. Unaandika usajili wa lori, unachagua saa, unabonyeza, unaambiwa ombi lako limepokelewa, na baada ya dakika chache nambari inakujia. Kampuni kubwa zina makarani wao na mlango wao. Wenye lori moja moja, kama Kombe, wanabonyeza kwa vidole vyao wenyewe.

Nyuma ya ukurasa huo kulikuwa na seva nne za kukodi, ziko ng'ambo, hakuna mtu pale ofisini aliyewahi kuzitia machoni. Mbele ya seva hizo Kafedha aliweka kitu walichokiita bawabu: programu inayompokea kila anayeingia na kumpeleka kwenye seva moja kati ya zile nne, ili mzigo usiielemee moja peke yake. Mipangilio ya bawabu aliiandika Kafedha bila kusaidiwa na mtu, na alijivunia.

Katika mipangilio hiyo mna mambo mawili yaliyomponza mjomba wake. La kwanza, mteja akishapelekwa kwenye seva fulani, simu yake inarudishwa hapo hapo kwa siku thelathini, kama mtu na duka lake la mtaani. La pili ni maamkizi. Kila sekunde kumi bawabu huzipitia seva moja moja akiziuliza hali, na isiyojibu haipelekewi mtu. Sasa Kafedha ni mtoto wa pwani. Kwao ukiamkiwa huanzi na kidonda. Unasema sijambo, hata kama umeletwa umebebwa. Maradhi yanakuja nyuma, unapoulizwa mara ya pili na ya tatu, habari za tangu juzi, habari za nyumbani. Ndivyo alivyoziandikia seva zake jibu. Ukurasa wa mbele ukiwa macho, jibu ni mzima. Ya ndani hayakuulizwa. Mtu wa pwani anajua kwamba swali la kwanza ni adabu tu, na kwamba la pili ndilo swali. Bawabu alifundishwa lile la kwanza, akaachwa hapo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo cha seva kina subira kuliko hicho.

Alhamisi moja asubuhi seva ya tatu ilipoteza mawasiliano na ghala linalohifadhi zamu. Tangu hapo kila ombi lililofika kwake lilikwama kwake. Kwa mbele iliendelea kuwaambia watu ombi lako limepokelewa, na bawabu akiuliza, inajibu mzima. Kwa hiyo bawabu akaendelea kuipelekea robo nzima ya waombaji, na wale wale aliowapeleka jana akawarudisha leo.

Kombe alikuwa katika robo hiyo. Alibonyeza, akaendesha lori mpaka getini, akaambiwa hana zamu. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya tatu alikwenda kwa Kafedha, Magogoni, kabla hajatoka kwenda kazini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu nitazamie jambo hili, mwanangu. Naomba zamu, naambiwa nimepokelewa. Nikifika naambiwa simo."

Kafedha alichukua simu yake mwenyewe. Si ya mjomba, yake. Akaandika usajili wa lori, akabonyeza. Simu yake ilikuwa mteja wa seva ya kwanza, na nambari ikaja kabla mzee hajakaa vizuri kwenye kiti.

"Waona? Imekubali. Labda kile kitufe cha mwisho hukibonyezi."

"Nakibonyeza."

"Labda unadhani umekibonyeza, mjomba."

Alilisema kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma. Mama yake Kombe, yaani bibi yake Kafedha, alikufa haijui nyumba aliyoizalia watoto saba. Ilimwanza hivyo hivyo, kwa kudhani. Anadhani amekoroga uji, anadhani amefunga mlango. Kombe alirudi nyumbani na neno hilo, na hakumwambia mtu.

Kafedha alimwombea zamu mara mbili kwa simu yake. Mara ya tatu alimwambia yuko kikaoni, ajaribu mwenyewe polepole, hatua kwa hatua. Na kweli alikuwa kikaoni. Kilikuwa kikao cha malalamiko, na malalamiko karibu yote yalitoka kwa wazee. Hilo lina sababu yake: vijana wa malori wana simu mbili mbili, ikigoma hii wanaingia kwa ile, na ile inapelekwa kwenye seva iliyo nzima. Waliobaki kulia ni watu wa simu moja. Lakini ofisini hakuna aliyefika huko. Kafedha alisema wazee wetu na simu ni kama paka na maji, watu wakacheka, na hoja ikafungwa.

Kombe akaanza kujichunga. Akawa anamwita mkewe, Winfred, amshuhudie akibonyeza. Winfred akashuhudia, lakini zamu haikuja, na Winfred naye akaanza kujiuliza kama kweli ameona alichokiona. Mfanyabiashara wa vigae aliyempa mizigo kwa miaka tisa akatafuta lori jingine. Wenzake wa getini wakamwita Mzee wa Kudhani, kwa sababu alikuwa ameanza kulitumia neno hilo mwenyewe. Wiki ya tatu, akirudi mikono mitupu, aliegesha kando ya barabara akakaa nusu saa nzima, ameushika usukani, akiogopa kwamba akiondoka ataisahau njia ya kwake. Kesho yake akaliuza lori. Chombo kama kile, alimwambia Winfred, hakiendeshwi na mtu asiyejijua.

Jumanne iliyofuata Milcah, mpokea simu wa ofisi, aliweka daftari mbele ya Kafedha. Alikuwa ameandika majina ya waliopiga, kwa mkono, kwa sababu hakuna aliyemwambia asiandike.

"Hawa ni watu arobaini na mmoja," alisema Milcah. "Wote wanasema neno moja. Watu arobaini na mmoja hawawezi kusahau kitufe kimoja, kwa namna moja, kila siku."

Jina la kumi na tisa lilikuwa la Kombe. Hakuwa amesema kwamba ana mpwa pale.

Kafedha akafungua kumbukumbu za seva. Ya kwanza ilikuwa na maelfu ya zamu, ya pili maelfu, ya nne maelfu. Ya tatu ilikuwa na sufuri, tangu siku ishirini na sita nyuma. Akaiuliza hali kama bawabu alivyokuwa akiiuliza. Mzima, ikajibu.

"Inasema mzima?" aliuliza Milcah, aliyekuwa akichungulia begani kwake. "Kwetu bara ukimuuliza mtu hali anakuambia goti linauma, hapo hapo. Nyinyi mnasema salama mpaka mazikoni."

Kutengeneza kulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Alibadilisha swali la bawabu: badala ya kuuliza kama ukurasa uko macho, kila seva itakiwe kuandika kitu ghalani na kukisoma tena, na isipoweza isipelekewe mtu. Hapo hapo bawabu akaitoa seva ya tatu. Wateja wake wakagawiwa zile tatu nyingine, na kabla ya saa nne wazee wa simu moja walikuwa wanapata zamu. Mistari sita tu. Kafedha aliitazama ile mistari akatamani iwe mia, iwe elfu, ili pawe na sababu ya mtu kuuza lori lake.

Akaenda kwa meneja. Bi Jalila alikuwa mwanamke wa adabu zake, hajawahi kupaza sauti tangu ofisi ifunguliwe.

"Limetengenezeka?" aliuliza.

"Limetengenezeka."

"Alhamdulillahi. Basi limekwisha."

"Halijakwisha, Bi Jalila. Kuna watu wamefukuzwa getini siku ishirini na sita. Lazima waambiwe kosa ni letu."

Bi Jalila alimvutia kiti. "Kaa, mdogo wangu. Mkataba wa yadi unatazamwa upya wiki ijayo. Nikisema mfumo umekula zamu za watu karibu mwezi mzima, wallahi sote tutarudi majumbani, na wa kwanza ni aliyeandika mipangilio. Mimi sitaki ufikwe na hayo. Wao wameanza kupata zamu, watashukuru, watasahau. Niandikie ujumbe mfupi wa kuwatuliza."

Na Kafedha aliuandika. Hakushikiwa bunduki. Tumeukagua mfumo na haukuwa na hitilafu yoyote. Tafadhali hakikisha umekamilisha hatua zote kabla ya kwenda getini. Aliusoma mara mbili, akarekebisha nukta, akautuma kwa simu za wote wenye malori. Alijiambia mjomba ni mtu wa nyumbani, atamweleza kwa mdomo. Watu wengi wema hujiambia maneno kama hayo wakiwa wameketi kwenye viti vizuri.

Jioni akaenda Mishomoroni. Alimkuta Kombe uani, pale lori lilipokuwa likilala, sasa pana doa la oili na ndoo za Winfred. Winfred akamletea kigoda. Kafedha akasema yote bila kupumzika: seva nne, bawabu, maamkizi, ya tatu iliyokuwa ikijisema nzima. Akasema kosa ni lake, kwa mkono wake. Akasema, "Hukusahau, mjomba. Ulibonyeza kila siku. Akili yako haina kasoro."

Kombe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeletewa zawadi asiyoweza kuitumia. Akatoa simu mfukoni, akaifungua polepole, akamsomea ule ujumbe, neno kwa neno, kwa sauti.

"Huu umetoka kazini kwenu leo," alisema. "Wamekagua."

"Nimeuandika mimi. Ni uongo."

"Kafedha." Alimshika mkono. "Mama alipoanza kuukosa mlango wa jikoni, mimi na mama yako tulimwambia tumeuhamisha. Kila siku tulimwambia: mlango tumeuhamisha jana, mama, usijali. Na yeye alifurahi, akasema nyinyi watoto kwa kuhamisha vitu. Najua jambo hili linavyofanywa. Mimi nimelifanya kabla hujazaliwa."

"Hili si lile, mjomba. Nitakuletea karatasi za kumbukumbu uzione."

"Za Kiingereza na nambari," alisema kwa huruma. "Usijitie matatani kwa ajili yangu. Umenisitiri, na Mungu akusitiri. Lakini nikifika alipofika mama, usinihamishie mlango. Niambie ukweli tu."

Winfred alikuwa ameinama juu ya ndoo zake, analia kimyakimya, na Kafedha hakujua analia kwa kuamini hadithi ipi.

Karatasi zile hazikuchapishwa. Zingekuwa na jina la Kafedha kila ukurasa, na mkataba ulikuwa unatazamwa Alhamisi. Tena, kwa nini tufiche, ndani kabisa ya uchungu wake kulikuwa na nafuu ndogo chafu: amesema kweli, amekataliwa, mzigo umetoka kichwani. Alijichukia kwa nafuu hiyo, lakini hakuirudisha.

Jumatatu Kombe alimwomba amsindikize kliniki, na angekataaje. Walikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa tano. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimuuliza mzee leo ni siku gani, na Kombe, ambaye miaka tisa hakukosa siku moja ya kupakia vigae, alimtazama kwanza Kafedha kabla ya kujibu. Akajibu sawasawa. Daktari aliliona lile tazamo, akaliandika.

"Nani wa kwanza kugundua kwamba unasahau, mzee?"

"Huyu," alisema Kombe, akimshika Kafedha bega, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Mtoto wa dada yangu. Ana kazi ya kompyuta, haya mambo ya akili anayajua. Mimi mwenyewe sikuwa nimeona kitu."

"Daktari, si hivyo," alisema Kafedha. "Hana ugonjwa. Ulikuwa ni mfumo, seva moja ilikuwa..."

Kombe alimpigapiga bega taratibu, kama anayemtuliza mtoto. Daktari akasema anaelewa, jamaa wengi huona vigumu kukubali mwanzoni. Kisha akamuuliza jina lake kamili, akaliandika pale panapotakiwa jina la aliyegundua maradhi.