Tumbili Sita Waliofungishwa Ramadhani

Mwaka ule gesi ilipogunduliwa, watafiti walijenga kituo hapa Quionga, wakaweka tumbili sita wapimwe damu kabla bahari haijaanza kutobolewa, ili baadaye ionekane kama kuna kilichobadilika. Mimi, Amade, ndiye niliyekuwa mlinzi wao, na hapakuwa na kazi ya fahari kuliko hiyo pwani nzima. Mlishaji wao alikuwa Bi Somoe.

Siku ya kumi ya Ramadhani, saa sita mchana, akaja mkaguzi wa serikali, Senhor Lázaro, kitabu cha kanuni kwapani. Asiporidhika hatoi alvará, na bila hati hiyo kituo kinafungwa, tumbili wanachukuliwa, nasi tunarudi kulima mihogo.

Akachungulia sahani. Tupu, zimekauka.

"Wanyama hawa wamekula saa ngapi?"

"Daku," akajibu Bi Somoe.

"Watakula tena lini?"

"Magharibi, mwadhini akimaliza."

Lázaro akavua miwani. "Mama, unawafungisha tumbili?"

"Baba, banda linatazamana na msikiti! Watu wanatoka kuswali, midomo mikavu, hawa wanawatafunia ndizi usoni. Imamu kalalamika mara mbili. Hapa hata mlevi hali hadharani."

"Kanuni zinasema asubuhi na mchana!"

"Zimeandikwa Shaabani hizo," nikadakia, hasira zimenipanda. "Zingeandikwa mwezi huu, zingekuwa na adabu."

Bi Somoe akanifinya. Lázaro akaandika kosa la kwanza. Akafunua ukurasa, akapata la pili: tumbili hawana mahali pa kujificha mbali na macho ya watu.

"Ngoja kidogo, baba." Bi Somoe akaenda kwake, akarudi na kanga nne. "Sokoni wagonjwa na wasafiri wanakula nyuma ya pazia. Hawa nao wasafiri. Nani aliwauliza kama wanataka kuja?"

Akazitundika mbele ya banda, akapenyeza ndizi. Waumini wakapita kutoka adhuhuri. Hakuna aliyegeuka.

Lázaro akasoma kanuni mara tatu. Hakuna iliyokataza kanga. Ilibaki sahihi tu, lakini akashika kalamu macho yakiwa kwenye kanga. Alitoka mjini Palma alfajiri, na kwa kuwa hakujua kutazama nyuma ya mapazia, hakupata hata chapati.

"Mama," akanong'ona, "ndizi zimebaki?"

"Zipo. Lakini si hapo uliposimama."

Mkaguzi wa serikali akatazama kulia, akatazama kushoto, akainua kanga, akaingia. Alvará tulipewa kupitia upenyo wa pazia, imesainiwa, ina doa la ndizi.