Kiti cha Nyuma ya Jiko

Sijapata kuona mtu anayepumzika kwa bidii kama mkwe wangu. Ni mwalimu wa nidhamu katika shule yenye watoto wengi kupita madawati, na mumewe, mwanangu wa mwisho, humwita Kengele, ila humwita hivyo akiwa chumba cha pili. Presha ilimpanda mpaka akaanguka mbele ya darasa, na daktari akamwambia, "Mwalimu, pumzika kwa hiari yako, la sivyo utapumzishwa." Akaipokea amri hiyo kama mtu aliyepewa kazi mpya. Shule zilipofungwa tu, akatubeba sote kwenda baharini: mumewe, mabinti zake wawili, na mimi.

"Mama naye aione bahari kabla ya..." alisema, halafu akakwama.

"Kabla ya mvua," nikamsaidia.

Tulipata vyumba viwili kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu kabisa na maji. Mlango wa choo ulikuwa haufungi mpaka uusukume kwa kiuno, na mchanga ulikuwa kila mahali, hata ndani ya sabuni. Nilipapenda. Kengele naye alipapenda, akawa anatutangazia kila saa kwamba tunapapenda.

Jioni ya kwanza mezani aligonga glasi kwa uma.

"Likizo inapita mbio," alisema, "na watu hawaijui kuionja. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kula, kila mtu atatuambia dakika yake tamu ya siku hiyo. Kitu kidogo tu. Kidogo, lakini kimekamilika."

"Ukikosa je?" aliuliza binti mkubwa. Huyo tunamwita Wakili, na akija mgeni nyumbani hatuna haja ya kumweleza kwa nini.

"Hukosi. Ukitafuta vizuri hukosi."

"Na kama ilikuwa tamu lakini haikukamilika?"

"Wakili!"

"Nauliza tu kanuni, mama."

Mwanangu akasema dakika yake tamu ni pale alipolala kwenye mchanga. Ikakataliwa. Kengele alisema mtu aliyelala haonji kitu. Binti mdogo, Kijiko, tunayemwita hivyo kwa kuwa hakuna sufuria asiyoingia, akasema, "Mimi nilikojoa baharini na hakuna aliyejua."

Kengele akaipitisha. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo, na kilikuwa kimekamilika.

Ikafika zamu yangu. Mimi mjinga nikasema kweli. Nilisema nilivua viatu nikakanyaga mchanga uliokuwa kwenye kivuli cha ukuta, ukawa wa baridi, nikasikia raha mpaka kisogoni.

Kesho yake asubuhi tulipangwa foleni kwenye kile kivuli, sote miguu mitupu. "Mama, tuonyeshe ulivyokanyaga," Kengele alisema, simu mkononi. Nikakanyaga. Nilikuwa nimefumba macho, tukarudia. Kijiko alikuwa amegeuka, tukarudia. Tulivyomaliza, ule mchanga ulikuwa umekanyagwa na nyayo za ukoo mzima mpaka ukapata joto, na mimi sikuutamani tena.

Ndipo nikajifunza kwamba katika nyumba yetu ukiwa na kitu kitamu, fumba mdomo.

Na kweli nilikipata kingine, mchana wa siku hiyohiyo. Baada ya chakula nilikwenda kutafuta pa kuoshea kikombe changu, nikapotea, nikatokea nyuma ya jiko. Palikuwa na uwanja mdogo uliozungushiwa ukuta. Mashuka yalikuwa yameanikwa kwenye kamba, yakitona maji. Palikuwa na bomba lililokuwa likidondoka juu ya jiwe, kreti tupu la soda, na kiti cha plastiki chenye mikono, mguu wake mmoja umefungwa waya. Mpishi wa pale, mama mmoja mnene, alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya viazi. Alinitazama, akakisukuma kile kiti kwa kisigino kuelekea kwangu, akaendelea na viazi vyake.

Nikakaa. Bahari haikuonekana. Ilikuwa upande wa pili wa ukuta, ikipiga kelele zake huko na watu wake. Mbele yangu palikuwa na shuka jeupe tu. Upepo ukilijaza, linavimba kama tumbo la mtu aliyeshiba. Upepo ukiacha, linanywea. Harufu ya sabuni. Hakuna aliyeniita mama, hakuna aliyeniita bibi, hakuna aliyeniuliza kama nimekunywa dawa. Nimelea watoto watano na wajukuu sihesabu. Sikumbuki ni lini niliwahi kukaa kwenye kiti ambacho hakuna mtu aliyejua nimekikalia.

Nikaamua: saa hiyo ya baada ya chakula, kwenye kiti kile, ni yangu mpaka tuondoke. Mengine yote ya likizo nawaachia.

Shida ilikuwa jioni. Glasi ikagongwa. "Mama, dakika yako?"

Nikaona shuka likivimba mbele ya macho yangu, nikasema, "Nimeona ndege."

"Ndege gani?"

"Mweupe. Mkubwa. Amesimama kwa mguu mmoja juu ya mwamba, kule mwisho kabisa wa ufukwe."

"Mguu upi, bibi?" Wakili akauliza.

"Wa kushoto."

"Kushoto kwake au kushoto kwako?"

"Mwache bibi yako!" Kengele alisema. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Saa ngapi, mama?"

Hapo akili ikanijia upesi kuliko nilivyozoea. "Baada ya chakula cha mchana," nikasema. "Saa ileile jua linapokuwa kali."

Basi kesho yake, sahani zilipoondolewa, jeshi zima likaondoka kwenda mwisho wa ufukwe kumtafuta ndege. Mimi nikasema magoti yananisumbua. Nikaenda nyuma ya jiko, nikakaa, nikamtazama mpishi anavyomenya kitunguu bila kulia. Nilikuwa na amani kama mtu aliyelipwa mafao yake.

Walirudi wamebabuka pua. Ndege hakuna. Nikafikiri mchezo umekwisha, lakini sikuijua familia yangu. Siku ya pili yake mwanangu aliwahi kurudi peke yake, akajitupa kitandani, na jioni akasema, "Mimi nimemwona." Yaani alikuwa amegundua kwamba aliyekwisha kumwona ndege haendi tena. Kijiko hakukubali kupitwa, akasema yeye ameona wawili, tena mmoja ana kofia. Hata Wakili, na ushahidi wake wote, siku iliyofuata alitangaza kwamba amemwona, lakini kwa mbali, na kwamba kuhusu mguu hawezi kuapa.

Wakabaki wamelala vyumbani kila mchana, wametulia. Aliyebaki kwenda ni Kengele peke yake, kwa sababu ndiye pekee kati yetu asiyejua kusema uongo.

Alikwenda kila mchana, kofia kichwani, simu mkononi. Alirudi macho mekundu, mezani akigonga glasi kwa nguvu zaidi. Zamu yake ikifika anasema, "Nyie nyote mmemwona. Mimi nitamwona kesho."

Kisha asubuhi moja mwanangu alinifuata nikiwa napiga mswaki nje.

"Mama, presha yake imepanda. Nimeona kwenye kile kimashine chake. Imepita hata ya siku ile aliyoanguka."

"Amesemaje?"

"Anasema ni kimashine kimeingia mchanga."

Nikasukutua mdomo. "Na mchana anakwenda kwenye jua?"

"Si unamjua? Mpaka amwone ndege wako." Akanitazama, mimi nikatazama mswaki. "Mama, kwa kweli yule ndege..."

"Wewe si ulimwona?"

Akaondoka.

Siku hiyo baada ya chakula nilikwenda kwenye kiti changu kama kawaida, lakini hakikukalika. Upepo ulikuwepo, shuka lilikuwepo, bomba lilikuwa linadondoka vilevile, na mimi namwona mtoto wa watu amesimama juani akimsubiri ndege niliyemtoa kwenye mashuka. Nikimwambia kweli atauliza, sasa wewe huwa uko wapi saa hizo? Nikijibu, kiti kimekwenda. Nitakuja hapa kesho nimkute amepanga foleni ya watu, Kijiko mbele, sote tukivimba pamoja na shuka kwa ajili ya picha. Nisipomwambia, ataanguka kule mwisho wa ufukwe, na safari hii hakuna darasa la kumwokota.

Nikamuaga mpishi kwa mguno, nikaenda.

Nilimkuta amekaa kwenye mwamba, kofia mapajani, jua linampiga utosini.

"Mama! Na magoti yako!"

"Vaa kofia."

Akavaa. "Mama, hebu niambie. Mpaka Kijiko amemwona. Mume wangu, asiyeona hata sahani chafu iliyo mbele yake, amemwona. Mimi nina kasoro gani? Nimewaleta wote huku, nimepanga kila kitu, na mimi ndiye sioni kitu."

"Ndege hayupo, mwanangu."

"Ameshaondoka?"

"Hajawahi kuja."

Aliutazama mwamba, akanitazama mimi. Halafu mwalimu wa nidhamu akaamka ndani yake. "Ulidanganya, mama? Mbele ya watoto?"

"Na watoto wakadanganya mbele yangu. Tumelipana."

"Kwa nini lakini?"

Hapo ndipo nilipokiaga kiti changu. "Nyanyuka," nikamwambia. "Nikuonyeshe."

Tuliingia kwa nyuma. Mpishi alitutazama wawili badala ya mmoja, akahema, akarudi kwenye karoti zake. Nikamkalisha Kengele kwenye kiti.

"Hapa kuna nini cha kuona?" akanong'ona.

"Hakuna."

"Bahari iko wapi?"

"Nyuma ya ukuta huo."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Si umeshakaa?"

Alikaa kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili, mgongo haujagusa kiti. Shuka likavimba. Nikamwona mkono unakwenda kwenye simu, mara mpishi akafungua kinywa, na mimi ndiyo nilikuwa naisikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Hapa hakupigwi picha. Hayo mashuka yana madoa."

Kengele akairudisha simu. Akatazama madoa. Akatazama bomba. Baada ya muda mgongo ukagusa kiti, halafu kichwa kikaegemea ukuta, halafu nikasikia mkoromo, si mdogo. Mimi nilikuwa nimesimama muda wote huo, na nilisimama mpaka alipoamka.

Jioni chakula kikaja, na hakuna aliyegonga glasi. Watoto wakatazamana.

"Mama," Wakili akasema, "leo hujauliza dakika."

"Kuleni," Kengele akasema. "Chakula kinapoa."

"Kwa hiyo kanuni imefutwa au imeahirishwa?"

"Wakili, nitakufuta wewe."

Mwanangu akaniinamia sikioni. "Presha imeshuka, mama. Nimeona mwenyewe. Hii hewa ya bahari, acha tu!"

"Ndiyo," nikasema. "Hewa."

Kesho yake baada ya chakula nilijivuta polepole nikitumaini kwamba amechoka na mahali pale, kwamba amekwenda kupanga watu mahali pengine. Nilimkuta ameshafika. Kiti chote ni chake, miguu ameinyoosha, viatu amevua, simu hata sikuiona. Huyu ni mkwe ambaye tangu aolewe hajapata kukaa mimi nikiwa nimesimama. Nikiingia tu mlangoni ananyanyuka kama yuko paredini.

"Karibu, mama," alisema bila kufumbua macho. Hakunyanyuka.

Mpishi akanitazama, akanihurumia, akalisukuma lile kreti la soda kwa kisigino. Nikakaa. Kreti la soda lina vyumba vingi, na kila chumba kina kingo zake, na zote nilizisikia. Nikataka kumwambia asogee tukae kwa zamu. Nikamtazama amefungua mdomo, kope zimetulia, nikamwachia kiti. Kukaa kwenyewe nilikuwa sijakuzoea sana.